Bisibisi Sikioni

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilipewa kopo la grisi na onyo. Kiwanda kilikuwa upande wa Boito, kimezungukwa na chai kila upande, na fundi mkuu wa wakati huo hakuwa mtu wa maneno mengi. "Paka grisi mashine ikiwa imesimama," aliniambia. "Ikizunguka, weka mkono yako kwa mfuko."

Nilipaka grisi miaka mitatu kabla ya kukabidhiwa spana. Baadaye nilihamishiwa Sotik kuangalia boila la mvuke, kisha nikarudi Boito nikiwa fundi mkuu mwenyewe. Tulikuwa tumeingia miaka ya tisini, na wanafunzi wa uhandisi walikuwa wameanza kuletwa kwetu kutoka chuo kikuu.

Ninyi mnaosomea uhandisi leo, mjue shahada ile ilikuwa ya miaka mitano, na migomo ikifunga vyuo, mitano iliweza kuzaa saba. Walianza na hesabu na michoro, halafu wakatumwa viwandani miezi mitatu kwa mafunzo tuliyoyaita atachimenti. Kila mmoja alikuja na daftari. Jioni aliandika alichofanya, na Ijumaa mimi niliandika maoni yangu na kutia sahihi. Bila sahihi hiyo, mwanafunzi alirudia mwaka. Nakiri niliyapenda mamlaka hayo. Mimi niliyeishia darasa la saba niliwapokea na makoti yao meupe na kalkuleta zao, nikawapa ufagio kwanza.

Kitu kimoja niliwafundisha kwa moyo wote. Majani ya chai yakishanyaushwa kwa feni, huingia kwenye mashine iitwayo CTC. Ina rola mbili zenye meno, ambazo hukaribiana sana bila kugusana, zikiyasaga majani. Rola hizo hubebwa na beringi, pete za chuma zenye gololi ndani. Beringi ikifa, rola hugongana, meno huvunjika, na majani ya wakulima huozea sakafuni. Kwa hiyo kila asubuhi nilipita na bisibisi ndefu. Ncha niliiweka juu ya beringi, mpini nikauweka sikioni. Beringi nzima hunguruma taratibu, mbovu hukwaruza. Kiwanda kizima kilinitazama mimi. Nikitikisa kichwa kukubali, kazi ilianza.

Mwaka mmoja tuliletewa Kemunto, msichana wa Kisii, mwaka wa nne. Hakulalamikia ufagio. Asubuhi moja baada ya mvua nyingi, majani yakiwa yamefurika, nilipita na bisibisi yangu na kutikisa kichwa kama kawaida. Kemunto akaomba naye asikilize. Alipofika mashine ya tatu, alirudia mara mbili.

"Mzee, hii inakwaruza."

"Hiyo ni sauti ya majani mengi," nilimjibu. "Chuo imekufundisha kitabu, haijakufundisha masikio."

Wafanyakazi walicheka, nami nikacheka nao. Saa moja baadaye alishika kifuniko cha beringi kwa kiganja, akaondoa mkono haraka, kisha akabonyeza kitufe chekundu. Mashine ikasimama. Kwetu hakuna aliyeruhusiwa kuizima bila amri ya meneja, hata mimi.

Meneja alishuka kutoka ofisini akiwa na injinia wa kiwanda. "Nani amezima?"

"Ni mimi," Kemunto akasema. "Beringi imepata moto na inakwaruza."

Meneja alinigeukia mimi. "Fundi, ulisikiza hii asubuhi?"

"Nilisikiza."

"Ilikuwa sawa? Kama ilikuwa sawa, washa mashine, na huyu msichana afunge mizigo yake leo. Daftari hatutasaini."

Niliogopa, wala sioni haya kusema. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nikiweka mpini sikioni bila kusikia chochote cha maana. Mke wangu alikuwa ameanza kunigusa bega akitaka kuniita. Kanisani niliangalia midomo ya wenzangu ili nijue wimbo umefika wapi. Kelele za mashine zilikuwa zimekula masikio yangu, nami nilificha, kwa sababu fundi mkuu asiyesikia ni nani? Nilikuwa na watoto wanne shuleni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa aliyekaribia kuumbuliwa kwa maradhi yangu alikuwa mtoto wa mtu.

"Nilisikiza, lakini sikusikia kitu," nikasema. "Masikio yangu imekwisha, meneja. Sikia huyu msichana."

Hakuna aliyecheka. Injinia alichukua spana mwenyewe na kufungua kifuniko. Beringi ilikuwa imepasuka. Gololi mbili zilianguka sakafuni. Kama mashine ingezunguka kidogo zaidi, rola zingegongana.

Meneja alizitazama gololi, kisha akanitazama mimi. Injinia ndiye aliyenitetea: "Mikono yake bado iko sawa, na macho pia. Nipatie yeye kwa kazi ya wanafunzi."

Ijumaa hiyo niliandika kwenye daftari la Kemunto: "Alizima mashine bila ruhusa. Alikuwa sahihi. Aliyekosea ni mimi." Nikatia sahihi. Nimeambiwa mwalimu wake alisoma mara mbili.

Niliwalea wanafunzi hadi nilipostaafu, na tangu hapo hakuna aliyeanza na ufagio. Kila mmoja alianza na bisibisi. Niliweka ncha juu ya beringi, nikampa mpini, nikamwambia, "Sikiliza, uniambie." Jambo nililoliogopa kuliko yote ndilo lililonipa miaka mizuri kuliko yote kiwandani.

Siku ya kuniaga walinipa blanketi na jembe, na watu wakahutubia sana. Sikusikia hata neno. Kemunto, wakati huo akiwa injinia wa kiwanda kingine, alisafiri kuja, akaketi kando yangu na daftari jipya. Kila aliyesimama kusema, yeye aliandika, nami nikasoma maneno yakiwa bado moto.

Sasa nafuga ng'ombe wawili karibu na Silibwet, na daftari hilo liko kabatini. Ukurasa wa mwisho, hotuba zilipokwisha, aliandika maoni yake mwenyewe: "Alisema ukweli nilipokuwa karibu kufukuzwa." Chini yake, pale nilipozoea kuweka sahihi yangu, aliweka yake.