Begi Nililolikalia Kivinje

Binti yangu alipokuja Tingi kutuchukua, akisema likizo hii fupi ya masika twende kwake Kivinje tukapumzike, sikumwamini. Mkulima hapumziki masika. Masika ndiyo palizi, ndiyo nguruwe wa porini kufukua mihogo. Yeye anasema watoto wamefunga shule, wataogelea, wataokota chaza, watacheza mpira mchangani, na wewe, baba, utapunga upepo. Mtu anayekutafutia upepo, na wewe upepo unao nyumbani kwako, huyo ana lake.

Nieleze kwanza juu ya mjukuu. Kwetu mzee aliyefiwa na mke haachwi alale peke yake, hupewa mjukuu. Mimi nilipewa huyu msichana wa binti yangu, sasa yuko darasa la tano. Namwita mke wangu, naye ananiita mume kibogoyo, ndio utani wetu. Uji anapika yeye, na maandishi ya kwenye dawa ananisomea yeye, maana shule niliishia darasa la pili, mwalimu akahamishwa na mimi nikahama naye, yeye kwenda Liwale, mimi kwenda shambani. Bila huyo mtoto nyumba yangu ni kuta tu. Kwa hiyo hofu yangu ilikuwa moja: mama yake anataka kumrudisha.

Na ushahidi nilikuwa nao. Binti yangu alifunga begi moja kubwa, la mtoto na langu pamoja, na zipu ilipofika mwisho nikaona pembe ya sketi ya bluu. Sketi ya shule. Sasa nani anakwenda kuogelea na sare? Ningelifungua nikaona vizuri, lakini begi lililofungwa na binti yako hulipekui, unaweza kukuta nguo za kike ukabaki na aibu yako. Nikajiambia begi hili halitoki mkononi mwangu. Bila sare hawamwandikishi mtoto shule yoyote.

Tukafika, tukala wali wa nazi na pweza. Marehemu mke wangu pweza hakumla hata siku moja, alisema kitu kisicho na mfupa kinasimamaje. Mimi nilikula, ila macho yalikuwa kwa mkwe wangu. Ni mvulana wa heshima, na siku ile heshima ilizidi. Shikamoo baba, keti hapa baba, mto huu hapa baba. Chumba nilichopewa kilikuwa kimepigwa chokaa upya. Chumba cha mgeni wa siku nne kinapakwa chokaa?

Asubuhi tukateremka pwani wote. Ilikuwa bamvua, maji yamekwenda mbali mpaka unajiuliza kama yatarudi, na pale palipokuwa bahari watu wanatembea na ndoo. Mimi na begi langu. Binti yangu akacheka.

"Baba, acha begi nyumbani. Huku hakuna wezi."

"Hicho ndicho kinachonitia wasiwasi," nikamwambia.

Wao wakaenda mbele kwenye mwamba. Mke wangu wa darasa la tano alikuwa na kijiti anachokoa mashimo, wadogo zake wanakimbiza kaa, mkwe wangu anawarushia mpira. Mimi nikatafuta mahali pa kulinda. Kulinda nakujua. Nguruwe humlindi kwa kelele, unakaa kimya, mgongo umeegemea kitu, macho njiani. Nikachagua sehemu iliyoota majani, kwa sababu kijijini kwetu, kando ya mto, palipoota majani mafuriko hayafiki. Nikalikalia begi pale. Kumbe baharini majani huota ndani ya maji, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye shamba la samaki.

Na bahari haiji kwa mbele kama mtu mstaarabu. Ilizunguka kwa nyuma. Nilikuwa nawatazama wao nikashtuka kiuno kimelowa. Mkwe wangu akaja mbio, maji yamempita magoti, akanigeuzia mgongo akainama.

"Panda, baba."

Mkwe ni mtu wa kumwonea haya, hata kula sahani moja naye sipendi, leo nimpande mgongoni kama mtoto wa surua? Nikakataa. Wimbi dogo likaniangusha, nikapanda. Begi alilivuta yeye majini kwa mkono mmoja.

Nyumbani binti yangu alilifungua ili kuanika, na mimi nilisimama pale pale. Sketi ikatoka, na shati lake. Sawa, nikasema, mwizi kapatikana. Kisha likatoka koti langu. Kanzu yangu ya Idi. Sweta, kofia zote mbili, redio yangu imefungwa ndani ya shuka inachuruzika maji. Vitu vyangu vyote vya duniani. Nilikuwa nalinda mtoto asiibwe, kumbe anayeibwa ni mimi.

Nikamuuliza binti yangu maana yake nini. Hakuzunguka.

"Baba, siku ile uliyotoka shambani ukapotea njia ya nyumbani kwako mwenyewe, nani alikwenda kukutafuta kwenye mikorosho?"

Nikamtazama mke wangu. Akawa anakamua kofia. Yeye ndiye aliyenikuta, na nilidhani tumekubaliana kunyamaza.

"Huyu ni mtoto," binti yangu akasema. "Siwezi kumwachia kazi ya kukulinda. Kaeni hapa wote wawili."

Nilimjibu kwamba shamba halihami, na mimi ni wa shamba. Nguo zikikauka, naondoka. Alisema haya, baba, zikauke kwanza.

Shule zimefunguliwa. Mke wangu anakwenda ya hapa Kivinje na sketi ile ile. Kanzu imekauka, sweta limekauka. Koti bado. Kila asubuhi analipapasa pale kambani kabla hajaenda shule, ananiambia bado, mume wangu, chumvi hiyo, haikauki upesi. Mkwe wangu naye anasema ni kweli, chumvi huvuta unyevu.

Inawezekana. Lakini nimeanika nguo miaka mingi. Nguo ya kambani hukauka juu kwanza, maji yakateremkia chini. Hili koti mabega yanadondosha maji na pindo ni kavu, kama vile kuna mtu anayelimwagia kopo kutoka juu. Mimi nguruwe nimewavizia msimu mzima bila kusinzia, kuamka alfajiri nikachungulia dirishani si kazi. Sijaamka bado.