Wiki ya Istikhara

Karatasi ya kuchagua masomo tulipewa siku ya Jumatatu, mwisho wa kidato cha pili, na ilitakiwa irudi Ijumaa kabla ya adhuhuri. Masomo ya lazima yalikuwa yamekwisha kupigwa chapa. Chini yake palikuwa na kisanduku kimoja kitupu cha kuandika somo la hiari, ambalo ungelisoma mpaka mtihani wa kidato cha nne, na mstari wa saini ya mzazi. Nilijua nitakachoandika tangu mwaka wa kwanza. Nilitaka ufundi.

Karakana ya shule yetu, upande wa Nakawa, ilikuwa na madirisha ya wavu yaliyotazama njia ya chooni, na kwa miaka miwili nilikwenda chooni mara nyingi kuliko mtu mwenye maradhi. Nilisimama pale nikitazama randa ikivua ubao maganda yake. Nilitaka kujua kwa nini msumeno unakata ukivutwa upande mmoja na kuteleza upande mwingine, na ilinikera kwamba wenzangu waliomo ndani hawakuuliza.

Nililelewa na bibi yangu mzaa baba, mtaa wa Mengo, hapa Kampala. Watu wetu walifika huku na misafara ya pwani, wakafanya biashara, wakabaki. Biashara ilikwisha zamani. Kilichobaki ni Kiswahili na msahafu. Kila siku baada ya alasiri bibi aliwasomesha watoto wa kike Kurani sebuleni.

Nyumbani kwetu jambo kubwa halikuamuliwa bila istikhara. Ukitaka kuoa, kusafiri, kuuza kiwanja, zinasaliwa rakaa mbili na dua, kisha unangoja moyo utulie au ije ndoto. Mashehe watakwambia mwenye haja huomba mwenyewe. Sisi bibi alituombea sote. Alivaa miwani, akaisoma karatasi yangu mara mbili, akaona maneno "mpaka kidato cha nne," na hapo ikawa jambo kubwa. Saini akaitia palepale. Kisanduku akakiacha.

"Hapa tumwachie Mwenyezi Mungu," alisema. "Wewe moyo wako uko wapi?"

Nikamwambia ufundi. Akanitazama juu ya miwani, msichana na misumeno, lakini hakukataa. Aliniambia nisiandike kitu mpaka apate jibu.

Jumanne asubuhi hakuwa ameota. Jumatano aliota, lakini ilikuwa ndoto ya marehemu dada yake akilalamika kuhusu chumvi, na bibi alisema hiyo haihusiani. Alhamisi nilimuuliza kabla hajamaliza kukunja msala. Alisema Mungu hasukumwi, na kwamba istikhara yaweza kufika siku saba. Nilimweleza habari ya Ijumaa. Alinijibu kwamba mwalimu naye ni mja wa Mungu, atangoja.

Mwalimu wa darasa hakungoja. Ijumaa alipita dawati kwa dawati akikusanya, akafika kwangu, akaona karatasi yenye saini na kisanduku kitupu, akauliza nini maana yake. Ningeweza kudanganya. Badala yake nilisema ukweli, kwamba bibi bado hajaota.

Darasa lilicheka mpaka wa darasa la jirani wakagonga ukuta. Msichana mmoja wa nyuma, akimwita bibi kwa Kiganda, alisema, "Mwambie jaja wako alale mapema." Tangu siku hiyo jina langu likawa Ndoto.

Bibi aliota usiku wa kuamkia Jumamosi. Aliniona nimesimama mahali peupe sana, nimeshika nyundo, sina hofu. Alinieleza akinimiminia chai, uso umemnawiri, akaniambia niende, ufundi una heri nami.

Jumatatu orodha ilikuwa imebandikwa ukutani. Ufundi ulikuwa na majina ishirini na manne. Jina langu lilikuwa chini ya kilimo, walikotupwa wote ambao hawakuandika kitu, kulima sukuma wiki nyuma ya jiko la walimu. Nilimfuata mwalimu mpaka mlango wa ofisi. Hakunikaripia. Alisema orodha imekwisha kwenda kwa mkuu wa shule, na viti vya karakana haviongezeki.

"Ungeandika mwenyewe ningekupa," alisema. "Penseli ulikuwa nayo."

Nilikuwa nayo. Wiki nzima nilitembea na karatasi yenye saini na penseli katika mkoba mmoja. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuandika. Adabu kwa bibi ilikuwa sehemu tu. Sehemu nyingine ni kwamba nililitaka jambo lile mno, nikaona vyema mtu mwingine anitakie, ili likiharibika lisiwe langu.

Nilipofika nyumbani bibi aliuliza kama wamenipa. Nikasema wamenipa. Alipika visheti akawagawia watoto wa Kurani kwa shukrani, na kesho yake akaniletea rula ya chuma, amekwenda kuitafuta mwenyewe kwa miguu.

Sasa kila jioni aliniuliza, "Leo mmefanya nini?" Mwanzoni nilimsimulia niliyoyaona dirishani kwa karakana. Kisha mwalimu wa ufundi akachoka kuniona, akaziba wavu kwa maboksi. Ikabidi nitafute pengine. Vipindi vya kilimo vilikuwa Jumanne na Alhamisi mchana. Nikawa naruka ukuta na kuzunguka eneo la viwanda. Nilikaa na mchomelea vyuma aliyenifundisha kutazama kivuli cha moto badala ya moto. Katika soko la Nakawa palikuwa na fundi wa mizani aliyenionyesha namna wachuuzi wanavyoifanya mizani iseme uongo na namna ya kuirudisha kwenye haki. Siku moja nilifika mpaka Port Bell kuona mabehewa ya treni yakisukumwa ndani ya meli, ambayo ina reli sakafuni. Bibi alilipenda sana hilo. Aliuliza kama mwalimu ndiye aliyetupeleka. Nikasema ndiye.

Sijawahi kujifunza kama mwaka ule, wala sijawahi kuona haya kama mwaka ule. Matembezi yalivuka vipindi vya kilimo, na niliporudi darasani hesabu na kemia vilikuwa vimeniacha nyuma, na sikuvikimbilia.

Kisha bibi akaomba kitu. Kibao cha kuwekea msahafu cha watoto kilikuwa kimevunjika, naye alitaka kipya, cha mkono wangu. Nilikwenda kwa seremala mmoja nyuma ya soko, nikampa ile rula ya chuma iwe malipo, akanipa kibao kizuri cha mvule, kilichochongwa kipande kimoja kikafunguka mara mbili. Bibi alikipapasa kila upande, akakigeuza, akakaa nacho mapajani muda mrefu.

"Mkono wako huu?"

"Wangu, bibi."

Alikiweka mbele ya watoto, akaendelea kusomesha. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena tumefanya nini. Nilidhani ameridhika.

Mwisho wa muhula wa tatu ilitolewa ripoti, na ripoti yasema somo lako kwa herufi kubwa, na mzazi hutia saini chini. Ya mihula miwili ya kwanza nilisema haijatoka. Ya tatu nilikuwa nayo mkobani siku nne. Shule ilipofunguliwa sikurudi. Kwa bibi nilisema nimechoka kusoma, akasema sawa, bila kubishana, na hilo liliniuma kuliko kama angenipiga. Tangu hapo nimekaa Kampala yote, mwezi huku, mwezi kule, nikifanya kazi za watu na kuziacha mara tu nilipozielewa.

Bibi alifariki nikiwa kazini Luzira, nikafika maiti imekwisha kuoshwa. Siku ya tatu ya matanga niliachiwa kazi ya kupanga vitu vya sebuleni. Kibao kilikuwa pale, kimeng'aa kwa vidole vya watoto. Nilikigeuza. Chini yake palikuwa pamebandikwa kipande cha kanga yake ya zamani, kimekatwa vizuri kwa mkasi na kutiwa gundi pande zote nne. Pembe moja ilikuwa imefunuka. Niliivuta kidogo nikaona chapa ya moto ya seremala: jina lake, na namba ya simu, kwa mwenye kutaka kuagiza.

Niliibonyeza pembe kwa kidole gumba, nikaishikilia mpaka iliposhika.