Vyeti vya Kocha wa Maisha

Kabla mteja hajakaa vizuri, kocha wa maisha huwa ameshachomoa leso, anafuta vioo vya vyeti vyake ukutani. Mwalimu aliyemjia safari hii alitakiwa kesho yake kumjibu mkuu wa shule kama anaacha kazi au anabaki, na mara tatu alizokuja hajamaliza sentensi hata moja.

"Hiki cha uanachama wa chama cha makocha, dada yangu. Na hiki pia."

Subira ikamwisha mwalimu. "Kaka, uanachama ni kulipa ada tu, hata mimi nikilipa napewa. Ithibati iko wapi? Nani alikaa akakupima ukimsikiliza mtu?"

Leso ikasimama juu ya kioo.

"Swali zuri sana," kocha akasema, akiinyoosha fremu iliyokwisha nyooka. "Ngoja nikueleze."

Akaeleza mpaka muda ukaisha. Mwalimu akatoka na lake moyoni, kama alivyoingia nalo.