Beseni Kwenye Kabati la Mita

Siku niliyochaguliwa kusoma mita za joto katika fleti yetu hapa Donholm, nilipanda ngazi nikitembea kama mke wa chifu. Mtu akinisalimu, namwitikia nusu. Nilikuwa nimekabidhiwa ufunguo, daftari na chaki, na mtu mwenye mdomo kama wangu ukimpa vitu hivyo vitatu umejitafutia balaa mwenyewe.

Kwanza niwaeleze hilo joto. Zamani kila nyumba ilikuwa na ile shawa ya stima, ile ya kukuogesha na kukupiga shoti kwa wakati mmoja. Mwenye nyumba alikuwa na kijana wake aliyesomea ng'ambo, akarudi na maarifa mapya. Waling'oa shawa zote, wakaweka mitambo ya jua juu ya paa na tangi moja kubwa la wote. Tangu siku hiyo maji ya moto yanashuka kwa bomba, yanapita katika kila nyumba yakipasha maji ya kuoga, kisha yanarudi juu kwa bomba jingine. Yanazunguka hivyo mchana kutwa na usiku kucha hata kama hujafungua mfereji.

Sasa mtu atajuaje nani amekula joto kiasi gani? Yule kijana alitukusanya pale mahali pa kuegesha magari akatufundisha. Kila nyumba ina mita, na kila mita ina viwaya viwili. Kimoja kimebanwa juu ya bomba la kuingia, kingine juu ya bomba la kutoka. Maji yakiingia ya moto na kutoka ya moto, hujala kitu. Yakiingia ya moto na kutoka yamepoa, hilo joto limebaki kwako, na mita inaandika. Nilimwelewa upesi kuliko wote, na nikahakikisha wote wameona kwamba nimemwelewa upesi. Ndiyo maana wakanichagua.

Julai ikaingia. Mnaijua Julai ya Nairobi, jua linachungulia saa saba na kujirudia zake. Tangi likawa halitoshi. Mwenyekiti wetu, mzee wa kanisa anayekaa chini kabisa na asiyependa upuuzi, akaitisha mkutano, tukakubaliana kila nyumba iwe na kiwango chake kwa wiki. Atakayepita kiwango wiki tatu mfululizo afungiwe koki wiki nzima, aonje baridi. Nani alipendekeza hiyo adhabu? Mimi. Nani aliinua mkono wa kwanza? Mimi tena.

Sasa mimi kazi yangu ni mandazi. Nakanda baada ya chakula cha mchana, nauacha unga uumuke, saa kumi naweka mafuta jikoni, na watu wakirudi kutoka viwandani wananikuta pale langoni. Hiyo Julai unga uligoma. Niliufunika kwa blanketi, nikauweka juani ambako jua halikuwepo, nikaukemea kwa jina la Yesu, wapi. Ukabaki umelala pale kama mtoto anayekataa kwenda shule. Mandazi yakatoka magumu, na mteja mmoja wa kuniheshimu kabisa akaniuliza kama nimeanza kuuza kokoto.

Lakini si nilikuwa na ufunguo? Kwenye ngazi ya orofa yetu kuna kabati lenye mita mbili, yangu juu na ya jirani yangu wa nyumba ya nane chini. Siku moja nikilifungua kusoma, hewa ya moto ikanipiga usoni, tamu, nikasimama pale nikiota moto. Kesho yake nikaleta beseni. Lilitoshea vizuri kule chini, juu ya mabomba ya jirani, ila kulikuwa na kitu kidogo kinachochomoza na kulizuia lisikae sawa. Nikakichomoa, nikakitundika kando. Mlango ulikataa kufunga kabisa kwa sababu ya ukingo wa beseni, nikauegemeza tu. Baada ya saa moja unga ulikuwa umepanda ukavuka ukingo. Siku hiyo mandazi yaliisha kabla watu hawajafika wote, na nikaenda kulala nikijisifu. Tangu hapo unga wangu ukawa unaumukia humo kila mchana.

Katika nyumba ya nane kulikuwa na mke na mume vijana, watu wa magharibi mwa Kenya. Mume anafanya kazi ya kibarua kiwandani, anatoka alfajiri. Mke alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na mama mkwe wake alikuwa amesafiri kutoka nyumbani kuja kumlea mzazi, kama inavyotakiwa. Wote tulimwita yule mama Kukhu, maana ndivyo watu wa kwao wanavyomwita nyanya. Alikuwa mfupi, mwenye mgongo ulionyooka, na kila siku alimkanda mkaza mwanawe kwa taulo la maji ya moto, tumbo na kiuno. Nilijua kwa sababu kuta zetu ni nyembamba na mimi masikio yangu ni mapana.

Jumamosi ya kwanza mita ya nyumba ya nane ilikuwa imepita kiwango. Nikaandika kwenye ubao pale chini, kwa chaki, nikazungushia duara. Jumamosi ya pili ilikuwa imepita maradufu. Nikazungushia duara mbili. Watu wakauliza kwani hao wanafanya nini, na mimi sikuwanyima. Nilisema wanaoga asubuhi, wanaoga mchana, wanaoga jioni, wanapumzika kidogo kisha wanaoga. Nilisema kama ni kumkanda mzazi basi wamemkanda mpaka ameiva. Watu walicheka sana. Nami nilipenda kuchekewa, siwezi kudanganya.

Mwenyekiti akasema tatu ni tatu, tungoje wiki moja zaidi.

Jumamosi ya tatu mita ilikuwa imepita tena, na mkutano wa kufunga koki ulipangwa kesho yake baada ya kanisa. Niliandika ile namba kwa mwandiko mzuri. Nikapanda ngazi nikiimba. Nilipofika orofa yetu nikamkuta Kukhu amechuchumaa kwenye kiroshani cha nje, anapuliza jiko la makaa. Juu yake sufuria ya maji. Moshi umemjaa machoni.

Nikamuuliza, kwa ile sauti ya askari wa kanjo akimkuta mchuuzi barabarani, anapika nini huko nje. Akaniambia ni maji ya kumkanda mzazi. Akasema tangu waone duara kwenye ubao hawajafungua ule mfereji wa moto isipokuwa mara moja kwa siku, kwa mtoto peke yake. Wao wanaoga baridi. Mzazi pia alikuwa anaoga baridi, maziwa yakaanza kumpungua, ndipo yeye Kukhu akatafuta jiko. Hakulalamika. Alinieleza tu kwa sababu nimeuliza, kisha akapuliza tena.

Nikaingia kwangu nikakaa. Nimezaa watoto wanne, najua baridi ya mzazi ilivyo. Lakini kilichonikaba haswa ni hesabu. Kama hawafungui mfereji, joto linaliwa na nani?

Nikachukua ufunguo. Mita yangu ukibonyeza inakuonyesha maji yanaingia na joto kiasi gani na kutoka kiasi gani. Yangu ilionyesha hamsini na mbili kuingia, arobaini na tisa kutoka. Sawa, sikuwa nimefungua mfereji. Nikainama kwa ya jirani. Kuingia hamsini na mbili. Kutoka kumi na saba. Kumi na saba ni baridi ya ngazi, si ya bomba la maji ya moto. Nikagusa bomba lao la kutoka kwa kidole, likaniunguza. Nikafuata kiwaya kwa macho, taratibu, na moyo ulikuwa umeshajua kabla ya macho kufika. Kilikuwa kinaning'inia hewani, kimebanwa kwenye msumari wa ukingoni, pale upepo wa ngazi unapoingilia mlango usiofunga, kwa kibanio cha nguo. Cha waridi. Changu. Kile kile nilichokuwa nimekitafuta wiki tatu kwenye kamba yangu, na kwa ajili yake nikawaita watu wa orofa ya juu wezi.

Kwa hiyo mita ilikuwa inaona maji yanaingia ya moto na kutoka baridi, mchana kutwa, usiku kucha. Niliyefanya hivyo ni mimi. Beseni langu lilikuwa limekaa hapo hapo, unga umeumuka vizuri kabisa.

Nyani haoni kundule, wazee walisema, na mimi sikuwa nimeliona langu ingawa nililiweka kabatini na kuliegemezea mlango.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia kuomba msamaha. Nilikikimbilia kibanio. Nikarudisha kiwaya mahali pake, nikatoa beseni, nikapangusa unga uliodondoka, na nikaanza kutunga. Nikaamua ni panya. Nitasimama mkutanoni niseme nimefanya uchunguzi, nimekuta panya amekichomoa kiwaya, tuwasamehe majirani zetu. Nitapigiwa makofi. Nilikaanga mandazi siku hiyo nikifanya mazoezi ya hotuba ya panya, na nilipofika pale anapokimbia kwa mkia mrefu nilijiamini kabisa.

Kesho yake watu walitoka kanisani wakakusanyika pale kwenye magari, bado wamevaa vizuri. Mume wa nyumba ya nane alisimama nyuma ameinamisha kichwa. Mkewe alikuwa juu na mtoto. Mwenyekiti akafungua kwa maombi, akasoma namba za wiki tatu, akasema sheria ni ya wote. Nikakohoa, nikaweka sawa kitambaa cha kichwa. Panya alikuwa tayari mdomoni.

Kukhu akanitangulia kusimama.

"Mnisamehe," akasema. "Mimi ni mtu wa kijijini. Kwetu maji tunapasha kwa kuni, na kuni unaziona zikiisha. Haya ya hapa sioni yakiisha, labda ndiyo maana nimewamalizia. Fungeni. Lakini mnifungie mimi, si yule mtoto. Mtoto mniachie karai moja kwa siku, nitawaletea hata kuni kutoka nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Nami panya akanifia mdomoni hapo hapo.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi."

Mwenyekiti akaniuliza ni mimi nini. Nikaeleza yote, beseni, kiwaya, msumari, kibanio cha waridi, hata nikakitoa mfukoni kwa sababu watu wengine walikuwa na sura ya kutoniamini. Nikasema hata duara ni zangu, na yale maneno ya kuoga na kupumzika na kuoga ni yangu, na niliyasema nikijua watu watacheka. Aibu niliyoiona siku hiyo sijawahi kuiona hata nilipoanguka na beseni la mandazi mbele ya kanisa zima.

Halafu mama mmoja wa orofa ya juu, yule niliyemwita mwizi, akasema polepole kwamba kibanio kimepatikana, Mungu asifiwe. Hapo ndipo kicheko kilipolipuka, na safari hii kilikuwa changu chote. Hata mwenyekiti aliinamia Biblia yake mabega yakimtikisika.

Alipotulia akasema sheria ni sheria, hukumu imeshakatwa, na koki lazima ifungwe, ila ni ya nyumba nyingine. Akauliza nani aliyependekeza wiki nzima. Nikainua mkono. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ufunguo, daftari na chaki vikaenda kwa yule mama wa kibanio.

Jumatatu asubuhi nilisimama bafuni nikiyatazama maji baridi, nayo yananitazama. Nilikuwa nimeloanisha kidole kimoja tu cha mguu na kumwita Ngai, Mungu kwa lugha ya kwetu, mara nne, nikasikia hodi. Nikajifunga leso nikafungua. Ni Kukhu, na ndoo ya maji yanayotoa mvuke.

Nikamwambia hapana, haya ni ya mzazi. Akasema mzazi ameshakandwa, mfereji wao sasa unatoa mpaka yanabaki. Nikaanza kumwomba msamaha upya, akanikatiza kwa mkono.

"Lile beseni nililiona siku ya kwanza," akasema. "Mlango haufungi. Mara mbili unga ulimwagika, nikaurudisha nikaufunika. Nilisema huyu mama ana akili, amepata mahali pa moto. Waya sikuujua."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema kitu, wiki tatu zote hizo watu wakimcheka.

"Mgeni hawezi kufunua sufuria ya mwenyeji," akasema. "Na mandazi yalikuwa mazuri. Mzazi alikuwa anakula manne."

Akaweka ndoo ndani ya mlango wangu. Aliniletea ndoo hiyo kila asubuhi, siku zote saba, na kila asubuhi niliipokea kwa mikono miwili na macho chini. Siku ya saba koki yangu ilipofunguliwa nilimpelekea beseni zima, mandazi ya moto, na chini ya kitambaa nikaweka kile kibanio. Alikitoa, akakigeuzageuza, akakibana kwenye nepi za mtoto pale kwenye kamba. Kiko hapo mpaka leo, na kila nikipanda ngazi nakipita.