Mjomba wa Kwenye Simu

Huku kwetu Rufiji mpunga ukianza kuzaa, wakubwa tunahamia bondeni. Tunalala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, tunagonga madebe kufukuza nguruwe. Watoto wa shule wanabaki nyumbani na bibi yao, kule barabarani. Mwaka ule binti yangu alikuwa darasa la sita, tukamwachia simu kubwa ili tuwasiliane. Dunguni mtandao hakuna. Hilo tulilijua, tukamwachia tu.

Ijumaa moja nikarudi kuchukua chumvi na sabuni. Sijatua hata kikapu, binti akapiga goti.

"Shikamoo mama. Naomba ruhusa kesho niende stendi Kibiti. Mjomba ananiletea begi la shule."

Mjomba! Nina kaka mmoja tu, yuko Mbwara, na tangu nipate akili sijamwona akimnunulia mtu hata pipi. Nikasema lete hiyo simu.

Namba ngeni, na mazungumzo yalianza vizuri kabisa. "Hujambo mwanangu? Wewe mtoto wa nani?" Sasa mtoto wa kwetu akiulizwa hivyo na mkubwa hanyamazi, ni utovu wa adabu, na mimi mwenyewe nimemfinya mara nyingi kwa hilo. Basi akajibu. Shikamoo kwanza. Kisha jina la baba, la babu, nyumba ya tatu baada ya msikiti, baba na mama wako dunguni, bibi haoni vizuri. Picha alituma akiwa na sare, jina la shule linasomeka kifuani. Huyo mtu alibakiza kuulizia ufunguo tu. Meseji ya mwisho ilisema: "Njoo peke yako, usimwambie bibi." Bibi kweli hakumwambia. Mimi sikutajwa, ndiyo maana akaniomba ruhusa.

Nikakaa palepale mlangoni, nikapiga ile namba.

"Asalaam aleikum kaka yangu. Mimi dada yako, mama wa huyo mtoto. Kesho tunakuja wote."

Akakata. Nikapeleka simu polisi. Askari wa kike akasoma meseji zote, akaniambia nisifute kitu, na kwamba bora ningenyamaza, nisimpigie, sasa nimeshamshtua. Haya.

Jioni nikamkalisha binti. Usiyemjua usimjibu, nikamwambia.

"Hata akinijulia hali?"

"Hata."

"Akiwa mkubwa?"

"Hata awe na mvi mpaka kwenye kope."

"Si utasema sina adabu?"

"Mtu usiyemjua akikuandikia, usiwe nayo kabisa."

Akaitikia. Hasira zikanipanda upya. "Na siku zote hizo, mwanangu, kwa nini hukutuambia?"

"Niliwapigia, mama. Hampatikani. Yeye alikuwa anapatikana."

Nililia mbele yake, wala sikuona haya. Dunguni sikurudi tena msimu ule. Mume wangu alibaki na debe lake, na nguruwe walikula walichokula.