Magugu Maji Katika Bustani ya Mama

Kibarua kilipoota nyasi mjini, nilifungasha vitu vyangu mtaani Obunga nikarudi kwa baba, Asembo Bay. Mama alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na bustani yake ya mboga, kati ya nyumba na ziwa, ilikuwa imechoka. Nilipanda sukuma wiki. Ikatoa majani madogo ya manjano, ikadumaa hapo hapo.

Ufuoni magugu maji yalikuwa yamejaa, upepo umeyasukuma hadi mchangani. Mwanamke mmoja muuza samaki aliniambia kwamba kwao huyaozesha yakawa mbolea. Nikabeba gunia la kwanza mgongoni, maji yakinichuruzika miguuni. Baba alinikuta langoni.

"Hiyo kitu usilete kwa boma yangu."

"Ni mbolea, Baba."

"Nimesema."

Nilielewa. Siku mama alipozidiwa, baba alikuwa ziwani, na magugu yakaifunga ghuba yote. Mtumbwi wake ulikwama mahali ambapo aliweza kuliona paa la nyumba yetu. Aliwaona watu wakikusanyika uani. Aliyapasua magugu kwa kasia na kwa mikono tangu asubuhi, na alipofika nchi kavu jua lilikuwa linazama na mama ameshatutoka.

Lakini sikuweza kuiangalia bustani yake ikifa vile. Nilirundika magugu nje ya ua, kisha, kwa pupa yangu, nikayatandaza mabichi kwenye miche siku ambayo baba alikuwa kanisani. Mvua ikanyesha wiki nzima. Mboga zikaoza, na baadhi ya magugu yakakataa kufa. Yakachanua maua ya zambarau katikati ya bustani ya mama. Nilishindwa kumtazama baba usoni.

Asubuhi iliyofuata alikuja na panga. Nilidhani amekuja kunifukuza. Alichuchumaa, akang'oa gugu moja, akalikatakata.

"Umeweka ikiwa hai," alisema. "Hii kitu haifi hivyo, nyathina. Mtoto wangu, anika kwanza. Ikauke kabisa, ndio ukate."

Tukaanika. Tukakata, tukachanganya na mavi ya ng'ombe na majivu, tukafunika kwa majani ya migomba. Kila tulipoligeuza lile rundo, mvuke ulipanda. Baba alikata kwa nguvu kuliko kazi ilivyotaka, na mara nyingine alinong'ona maneno ya Dholuo ambayo hayakuwa yangu kuyasikia. Nilijiuliza kama hasira ya mtu inaweza kuishia kwenye ncha ya panga. Sijawahi kumuuliza.

Miezi mitatu baadaye rundo lilikuwa udongo mweusi, mwepesi, usio na harufu mbaya. Tulipanda kunde na osuga, ile mboga chungu ya kwetu, na majani yakatoka mapana kama kiganja. Siku ya kwanza nilipoipika, baba alikula yote, akasukuma sahani mbele yangu.

"Ongeza," akasema.

Halafu jirani yetu, mama mmoja mjane, alikuja kuuliza siri ya mboga zile. Nilifungua mdomo kujibu, lakini baba alikuwa ameshasimama, gunia begani.

"Twende ufuoni, Mama, nikuonyeshe," alimwambia. "Hii mtoto atakudanganya uweke mbichi."

Walishuka pamoja, baba akieleza njia nzima.