Sufuria ya Viazi Mbele ya Wageni

Wifi yangu alishuka kwenye treni ya Kongolo na mfuko wa unga wa muhogo, na kabla hajanawa miguu alikuwa amekwisha kufunua sufuria zangu. Akakuta viazi vitamu, vile vya njano ndani, vimechemshwa na maganda yake.

"Hii njo chakula ya kaka yangu?"

Nikamweleza. Mume wangu alikuwa na tasio, damu inapanda, na choo kilikuwa kinamtesa. Muuguzi alimpa vidonge, akatuambia pia tupunguze chumvi na vya kukaanga, tule viazi na majani, vinalainisha tumbo. Basi nilivichemsha na maganda ili utamu usiishie majini, nikaviandaa na matembele na samaki wa kuchemsha.

"Viazi ni chakula ya wakimbizi," akasema. "Lakini wewe, kule kambini, mulizoea."

Alijua pa kuchoma. Tulipokimbia vita kutoka Nyunzu, mama yangu alitulisha viazi chini ya turubai, na ndivyo vilivyotuvusha. Nikafunika sufuria yangu. Nilimchukia tu.

Tangu siku ile hatukuelewana jikoni. Nikipika mboga, anaongeza chumvi nikigeuka. Nikirudi kutoka sokoni, nakuta amewatupia mbuzi wa jirani viazi vyangu. Na mume wangu, anayefokea wapakuzi bandarini kutwa nzima, nyumbani alikuwa na neno moja tu kwangu.

"Vumilia, Mama. Ni dada yangu."

Hapo nilimchukia yeye kuliko dada yake.

Jumapili moja walikuja wageni, mzee mmoja wa parokia na mke wake. Nilipoweka sufuria mezani, wifi aliinyanyua.

"Mutusamehe, Papa na Mama. Huyu mwanamuke anataka kumuua kaka yangu na njaa."

Akaelekea mlangoni. Nikashika mkono mmoja wa sufuria, yeye ameshika wa pili. Ilikuwa ya moto, na hakuna aliyeachia.

"Acha sufuria yangu," nikasema. "Ao uende nayo, na usirudi tena."

Ndipo mume wangu akasimama. Akatunyang'anya sufuria, akaketi, akamenya kiazi huku vidole vikiungua, akala. Akamenya cha pili. Hakumtazama mtu.

"Amekuroga!" dada yake akapiga kelele.

"Tangu nianze kula hivi, ninaenda choo vizuri," akajibu.

Mzee wa parokia alicheka, mke wake akamfinya.

Wifi aliondoka mchana uleule kwa pikipiki, unga wake mapajani, akahamia kwa mdogo wao kule mlimani. Tasio haikuisha. Mume wangu bado anameza vidonge, lakini sasa anaagiza viazi mwenyewe.

Mimi na wifi hukutana sokoni. Hanisalimu, simsalimu. Akinikuta kwa muuza viazi, naye amekuja kununua, nachagua polepole, kimoja kimoja, mpaka achoke kusimama nyuma yangu.